Jani Lisilotaka Salamu

Sogeeni huku, baridi hii si ya kukaa mmoja mmoja. Na wewe mwenye simu, iweke mfukoni. Sikukatazi, ila hadithi hii haipendi mtu wa nusu nusu. Nina kesi hapa. Imenikaa kifuani tangu nilipokuwa mwalimu kijana wa bayolojia, na kila nikiisimulia watu wanagombana. Mwaka juzi niliitoa kwenye harusi, mabibi wawili wakanuniana mpaka pilau ikapoa. Kwa hiyo sikilizeni mpaka mwisho kabla hamjaanza kupayuka.

Palikuwa na wanafunzi watatu, na kila mmoja Mungu alimpa cha kwake.

Zuhura alipewa kimya. Msinielewe vibaya, hakuwa mnyonge wala hakuwa na kiburi. Alikuwa tu anaweza kulimeza neno likakaa humo humo tumboni. Bwenini wasichana wote walimwachia siri zao. Bibi yake mzaa mama ndiye aliyekuwa akiwapaka dawa watoto wenye mapunye katika vijiji vile, na bibi alipofariki, dawa ilibaki kwa mjukuu.

Elineema alipewa swali. Huyo, jamani, alikuwa kero! Ukimwambia jani ni la kijani, "Madamu, kwa nini?" Kengele ikilia, kwa nini ilie sasa hivi. Walimu wenzangu wakimwona anakuja walikuwa wanageuza njia. Mimi nilimpenda, ila ziko siku nilimtoa nje ili nipumue.

Nuhu alipewa mikono. Redio ya mkuu wa shule ikifa, anaitwa Nuhu. Taa ya karabai ikigoma, Nuhu. Katika maabara, visahani vya wenzake viliota uchafu wa kila rangi, vya kwake vilikaa safi siku zote. Maneno hakuwa nayo mengi. Ukimuuliza kitu, alikuwa anakuonyesha.

Shule yetu ilikuwa juu milimani, upande wa Lushoto, kule ambako ukungu wa asubuhi unaingia darasani bila hodi. Naiona mpaka leo. Masweta ya bluu yaliyochakaa viwiko, harufu ya mikaratusi, plamu tulizokuwa tunakula mpaka meno yanapata ganzi. Hiyo ninayoiita maabara ilikuwa stoo ya viazi. Tuliipaka chokaa tukaweka meza mbili na jiko la mafuta ya taa, tukajiona wanasayansi wakubwa. Ah, tulikuwa na raha bwana, na hatukujua kama ile ni raha.

Simu haikuwepo hata moja. Habari zilikwenda kwa miguu, na miguu ilisimama kila penye mtu. Sikilizeni hili vizuri, maana ninyi wa siku hizi mnasalimiana kwa kupungiana mkono. Kule kwetu, ukikutana na mtu mzima njiani, unashusha mzigo. Unatoa shikamoo, unapokea marahaba, unashika mkono na hauachii. Habari za kuamka, za nyumbani, za watoto, za mahindi, za yule ng'ombe aliyekuwa hali majani. Kisha naye anakuuliza za kwenu. Mkimaliza, unanyanyua mzigo, unapiga hatua kidogo, unakutana na mwingine. Mtoto aliyepita bila kufanya hivyo alihesabiwa hana wazazi.

Sasa, watoto wa shule ya msingi ya jirani walikuwa wamejaa mapunye. Vichwa vimenyolewa, vina mabaka, wengine wanakuja na kofia za baba zao ili wasichekwe, wengine wameacha kabisa kuja. Nikawaambia wale watatu: tuichunguze ile dawa ya bibi yake Zuhura. Kama inatibu kweli, tuionyeshe. Kulikuwa na maonyesho ya sayansi ya shule yanakuja, na mgeni rasmi alikuwa daktari mmoja mwenye uwezo, aliyesemekana husomesha vijana.

Jani lenyewe jina lake siwatajii. Nawajua, kesho mtakuwa mmejipaka.

Kazi ilikuwa hivi. Tunachemsha viazi, tunachuja supu yake, tunachanganya na jeli, tunamimina kwenye visahani. Nuhu anapandikiza humo kuvu ya mapunye, ile iliyokwanguliwa vichwani mwa watoto. Jani tunalitwanga, tunaliloweka kwenye spiriti, tunachuja, tunachovya kipande cha karatasi, tunakiweka katikati ya kuvu. Dawa ikiwa ya kweli, kuvu inaiogopa ile karatasi, na pembeni yake panabaki duara tupu, safi. Dawa ikiwa ya uongo, kuvu inapanda juu ya karatasi na kukaa.

Zuhura akaenda kuchuma, maana kichaka kile kiliota juu karibu na kwao, akashuka nalo. Tukaloweka, tukasubiri. Siku ya kufunua, duara hilo! Safi, pana, hata mkuu wa shule, mtu mzima na kitambi chake, aliruka. Zuhura akaenda tena, likatoka duara. Mara ya tatu, duara.

Lakini malalamiko yakaanza kunifikia. Mzee mmoja alinisimamisha sokoni. "Madamu, yule binti mnamfundisha nini huko? Anatupita kama mawe. Namwita kwa jina, ananitazama tu."

Nikamuuliza Zuhura. Akainamisha kichwa, akasema, "Samahani, Madamu." Basi.

Sasa nawaambia nilichokuja kukijua baadaye. Bibi yake alimwachia mwiko pamoja na dawa: anayechuma jani lile hasalimu wala haitikii salamu mpaka jani liingie chunguni. Kwa nini, bibi hakusema, na Zuhura hakuuliza. Alikuwa mtoto wa kuambiwa. Alipita kwenye milango ya watu waliomjua tangu anatambaa, akameza kila shikamoo, akakubali kuitwa mtovu wa adabu.

Siku moja akiwa anashuka na majani, alikutana na shangazi yake, Mwanamkuu. Huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufa. Alikuwa anateremka kituoni kupanda gari la Tanga, akapasuliwe hospitali. Yeye alikuwa wa upande wa baba, mambo ya mwiko wa upande wa mama hakuyajua. Akasimama, akaweka chini kifurushi chake. "Haya mwanangu, mimi ndiyo nakwenda. Uniombee." Akanyoosha mkono.

Zuhura alimtazama. Alisema moyoni, nitafikisha jani, nitatimua mbio mpaka kituoni, nitamuaga shangazi yangu vizuri. Akapita.

Alilifikisha. Alitupa majani kwenye spiriti, akatoka mbio bila kuniambia kitu, na alipofika kituoni alikuta vumbi tu, gari limeshaondoka. Shangazi Mwanamkuu hakurudi akiwa hai. Waliomsindikiza walisema njia nzima alikuwa anauliza, "Nimemkosea nini mtoto yule?"

Na yale majani ndiyo yaliyotupa duara kubwa kuliko yote. Sipendi hata kulikumbuka duara lile.

Zuhura akabaki matangani. Maonyesho yakawa yanakaribia, majani yamekwisha, nikawatuma Elineema na Nuhu. Wale walikuwa watoto wenye adabu zao. Walisalimia kila mlango. Tena kulikuwa na msiba, kila mtu aliwaweka chini kuwapa pole na kupokea pole. Wakafika jioni, tukaloweka, tukangoja. Hakuna duara. Kuvu ilipanda juu ya karatasi ikajinyoosha. Wakarudi tena kuchuma, wakaleta tena, hakuna kitu.

Shule nzima ikaanza kunong'ona. Ni uganga wa ukoo ule, jani halimtaki mtu mwingine. Mkuu wa shule akaniita ofisini, uso umemwiva.

"Madamu, mimi siwezi kupeleka uganga kwenye maonyesho ya sayansi. Tutachekwa nchi nzima. Futa."

"Nipe muda kidogo, Mwalimu."

"Muda wa nini? Jani lile lile, spiriti ile ile. Akileta binti linafanya kazi, wakileta wavulana halifanyi. Hiyo nayo utaiita bayolojia?"

Hapo ndipo Elineema alipofanya kazi yake. Nilimwonya asiende kumsumbua mfiwa, akaenda. Alikaa mkekani na waombolezaji, alikunywa chai ya matanga, na watu walipopungua akamuuliza, "Zuhura, ukishachuma, njiani huwa unafanya nini?" Akajibiwa, "Sifanyi kitu. Sisalimii." Na akaambiwa mwiko wote, kwa mara ya kwanza mtu wa nje kuusikia.

Mwingine angesema, basi, ndiyo uganga wenyewe. Elineema akasema, kwa nini? Akachuma majani, akashuka kimya kabisa, lakini kila penye jiwe alikaa akapumzika. Hakuna duara. Kumbe kimya peke yake si dawa! Akachuma tena. Safari hii alishuka mbio, huku akisalimia kila mtu kwa sauti na kujijibu mwenyewe. "Shikamoo babu marahaba za nyumbani nzuri watoto hawajambo ng'ombe anakula asante!" Na keshapita. Mlima mzima ukasema mtoto wa watu kapagawa. Wazee wawili walikuja shuleni kuuliza kama tumeshamwita mzazi wake.

Likatoka duara.

Aliingia maabara akipiga kelele. "Madamu! Si kimya! Ni kuchelewa! Jani likishachumwa linaanza kufa, na likifa na nguvu yake inakufa. Sisi tulikuwa tunasimama kusalimia, tukawa tunaleta takataka. Mtu anaweza kusema maneno yote anayotaka njiani, ilimradi asisimame!"

Zuhura alikuwa mlangoni. Ndiyo kwanza siku hiyo amerudi shuleni, khanga ya msiba bado ameifunga kiunoni.

"Kwa hiyo ningeweza kumwitikia," alisema.

Elineema akageuka. Yule mtoto wa maneno, wallahi, hakuwa na hata moja.

Zuhura akakaa kwenye benchi, akalia kwa sauti, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele yetu. Alipotulia akasema, "Lakini Madamu, ningemwitikia ningesimama. Shangazi yangu nimjibu huku natembea? Ningemshika mkono, na mkono nisingeuachia. Bibi alitujua." Nilimkumbatia.

Kesho yake Nuhu hakuonekana mstarini. Darasani hayupo, bwenini hayupo. Nimechachamaa, namsubiri na fimbo, jioni namwona anakuja taratibu, kakumbatia chupa ya mdomo mpana, ile tuliyokuwa tunahifadhia mijusi. Mkono mwingine ana mahindi ya kuchemsha.

"Nuhu! Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kuchuma, Madamu."

"Tangu asubuhi? Na jani lenyewe limeshakufa!"

"Nilikuwa nasalimia," akasema, akaiweka chupa mezani.

Chupa ilikuwa na spiriti, na majani yalikuwa ndani ya spiriti. Sisi sote tulikuwa tunalikimbiza jani kuifuata chupa. Nuhu aliibeba chupa akaipeleka kichakani, akachuma na kutumbukiza pale pale, jani halijajua kama limechumwa. Kisha akashuka kama mtoto wa watu. Alisimama kila mlango, alishika mikono, alisaidia mtu kumtoa mbuzi shimoni, aliingia ndani akanywa uji. Tulipofunua kisahani, duara lilikuwa sawa na la Zuhura, na alirudia mara nyingine likawa vile vile. Dawa hiyo ya chupa ndiyo tuliyowapaka watoto wa shule ya msingi, na mabaka yakaanza kukauka.

Fimbo niliitupa. Nuhu alikwenda kwa Zuhura akamwonyesha ile chupa, na mara hii alisema sentensi nzima: "Sasa mtu akichuma, anaweza kusimama."

Mkuu wa shule akakubali, tukaenda kwenye maonyesho, tukashinda. Naikumbuka safari ya kurudi, tumejibana nyuma ya pikapu ya shule, tunaimba mpaka sauti zimekauka, Elineema anauliza kwa nini nyota hazisogei na sisi tunamrushia maganda ya machungwa. Mungu wangu, ningepewa siku moja ya kuirudia, ningechagua ile.

Baada ya siku chache yule daktari alikuja shuleni mwenyewe. Alikagua visahani, akainusa chupa, akanivuta pembeni. "Madamu, nina nafasi moja ya kumsomesha kijana udaktari, kutoka hapa mpaka amalize. Moja tu, mbili sina. Mimi naondoka kesho asubuhi. Wewe uliwaona wakifanya kazi, nitajie mwenye dawa hii."

Ninyi mnajua maana yake? Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyekuwa na mtu wa kumsomesha. Ambaye angetajwa angekuwa daktari. Ambao wasingetajwa wangerudi shambani kwao, na akili zao zote.

Niliwaita maabara nikawaambia ukweli. Nilidhani watarushiana heshima, oh mpe yeye, hapana mpe yule. Thubutu! Kila mmoja aliitaka nafasi ile na kila mmoja alisema, na mimi niliwapenda zaidi kwa hilo.

Zuhura akasema, "Mlinikuta na dawa. Miaka yote watu waliolibeba jani lile hai ni sisi, kwa kufunga midomo yetu. Kama ningefungua wangu mara moja tu, zile mara za kwanza, kisahani kingejaa kuvu na ninyi mngetafuta mti mwingine. Na mnajua nilichotoa. Sikitaji, lakini mnakijua."

Elineema akasema, "Zuhura, nisamehe, ila lazima niseme. Dawa ulikuwa nayo, lakini hukuijua. Ungekufa nayo, au ungemwachia mjukuu wako mwiko naye asijue kwa nini. Mkuu alishasema futa. Nani alikataa? Nilizunguka mlima ule nikaitwa kichaa, mama yangu akaja analia. Bila sababu kujulikana, ile ilikuwa uganga tu, na uganga haupelekwi kwenye maonyesho."

Nuhu ikabidi nimwambie, baba, sema. Akasema, "Dawa ya mwiko anaiweza mmoja. Ya mbio, anaiweza mwenye mbio. Ya chupa, hata bibi kizee anaiweza. Wale watoto wa shule ya msingi wanapona kwa ya chupa." Akaangalia mikono yake. "Na kuvu yote ile niliikuza mimi. Bila visahani vyangu msingeona duara la mtu yeyote."

Zuhura akamtazama Elineema, Elineema akamtazama Nuhu. Hakuna aliyemwambia mwenzake muongo, maana hakuna aliyesema uongo.

Asubuhi nilimtajia daktari jina moja. Wale wawili waliobaki, mmoja alinishika mkono akaniambia, "Madamu, umetenda haki." Mwingine alitoka nje, akakaa nyuma ya maabara, chakula cha mchana kikapita, cha jioni kikapita, na mimi sikuwa na mguu wa kumfuata.

Jina silisemi. Msiniulize na macho hayo, silisemi. Wote watatu wazima, wana watoto wao, na nikikutana na yeyote namtazama usoni nikijiuliza upya.

Haya, sasa ni zamu yenu. Gari linanguruma pale nje, mlango uko wazi, daktari amewageukia ninyi anataka jina moja. Mtamtajia nani? Na mkishamtaja, wale wawili waliosimama pale wanawatazama, mtawaambia nini?